Fukuto, Jua Kali na Baiskeli: Safari ya Mombasa hadi Nairobi Wakati wa Kaskazi

Watu wa mwambao wana maneno mawili kwa jambo ambalo kipimajoto hulieleza kwa tarakimu moja tu. Jua kali ni lile linalochoma ngozi na kukausha midomo. Fukuto ni lile joto zito lisilo na upepo, linalomfanya mtu alowe hata akiwa ameketi barazani bila kazi yoyote. Kisha lipo neno hari, ambalo humaanisha joto na pia humaanisha jasho, na katika maana hizo mbili ndimo ilimo karibu elimu yote anayoihitaji mtu anayetaka kusafiri mbali kwa baiskeli wakati wa joto. Anayetoka Mombasa kwenda Nairobi kwa barabara kuu, safari ya takriban kilomita 480, kati ya Januari na Machi hukutana na fukuto na jua kali katika siku moja: fukuto kuanzia Miritini hadi Mariakani, na jua kali kuanzia Taru, kupitia Mackinnon Road na Maungu, hadi Voi na mbugani Tsavo. Wengi wanaojiandaa kwa safari hii huuliza kwanza ni nyuzi ngapi huko njiani. Swali hilo si baya, ila peke yake linapotosha, kwa sababu kinachoamua usalama wa mnyonga baiskeli ni iwapo jasho lake linapata nafasi ya kukauka.

Tuanze na mwili wenyewe. Misuli ya binadamu hugeuza sehemu ndogo tu ya nguvu ya chakula kuwa mwendo, kiasi cha asilimia 20 hadi 25, na sehemu yote iliyobaki hutoka kama joto. Mtu anayenyonga kwa utulivu kwenye barabara tambarare, akiwa na mizigo yake kwenye karia, anaweza kuwa anatia wati 100 kwenye pedeli, na kwa ajili ya hizo 100 mwili wake unazalisha wati 350 hivi za joto. Kama joto hilo lote lingebaki ndani ya mwili wa kilo 70, lingeupandisha nyuzi 1 ya Selsiasi kila baada ya dakika 12 hivi. Joto la kawaida la ndani ya mwili ni nyuzi 37, na kuanzia 40 ubongo huwa hatarini. Ina maana kwamba baina ya mtu mwenye afya tele na mtu anayeanguka kando ya barabara kuna muda usiozidi dakika 40, na kinachomwokoa kila dakika ni mwili kuendelea kulitoa joto nje.

Hewa ikiwa baridi, joto hutoka lenyewe kupitia ngozi. Lakini ngozi ya mtu aliye kazini huwa na nyuzi 35 hivi, na hewa inapokaribia kiwango hicho mlango huo hufungika; hewa ikizidi hapo, joto huanza kuingia badala ya kutoka. Unabaki mlango mmoja tu, nao ni jasho. Lita 1 ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi, na kwa hesabu hiyo nusu lita kwa saa ingetosha kumhudumia mnyonga baiskeli wetu wa wati 350. Sharti ni hilo neno kukauka. Jasho linalodondoka kutoka kwenye nyusi na kulowesha usukani halikupoza chochote. Ni maji na chumvi vilivyopotea bure.

Hapa ndipo fukuto linapotengana na jua kali. Chukua hewa ya Mombasa ya nyuzi 32 yenye unyevunyevu wa asilimia 70, kisha uilinganishe na hewa ya Maungu ya nyuzi 35 yenye unyevunyevu wa asilimia 40. Ukifunga kitambaa kibichi kwenye ncha ya kipimajoto na kukipepea, cha Mombasa kitashuka hadi nyuzi 27 na nusu, na cha Maungu kitashuka hadi 24 na nusu. Kipimo hicho cha kitambaa kibichi ndicho kinachofanana na ngozi yenye jasho, nacho kinasema kwamba Mombasa, yenye tarakimu ndogo zaidi, ndiyo inayoubana mwili zaidi. Kwa muda mrefu wanasayansi walihesabu kwamba nyuzi 35 za kitambaa kibichi ndio ukomo ambao mwili hauwezi kuuvuka hata ukiwa umepumzika. Majaribio yaliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Penn State nchini Marekani, na kuchapishwa mwaka 2022, yaliwaonyesha vijana wenye afya wakianza kushindwa kwenye nyuzi 31 hivi katika hewa yenye unyevunyevu, nao walikuwa wakifanya kazi nyepesi tu, si kupanda mlima na mizigo. Miji ya Ghuba, Muscat ikiwamo, hukikaribia kiwango hicho katika miezi ya Juni hadi Agosti, na ndiyo maana waendesha baiskeli wa huko huifanya safari ndefu wakati wa baridi.

Hata hivyo, Maungu ina hila yake. Katika hewa kavu jasho hukauka kabla hujaliona, shati huwa kavu, na msafiri hujiambia kwamba leo hatoki jasho sana. Mimi nilijua ukweli niliposhuka kwenye baiskeli kivulini na kukuta fulana yangu nyeusi ina mistari meupe mgongoni, mmoja ndani ya mwingine, kama alama za maji kupwa ufukweni. Kila mstari ulikuwa chumvi iliyoachwa na jasho ambalo sikuwahi kulihisi.

Kuna jambo moja la baiskeli ambalo watembea kwa miguu hawalijui, na waendesha baiskeli wengi hawalifikirii. Baiskeli hujitengenezea upepo. Ukienda kilomita 18 kwa saa katika hewa iliyotulia, unapitiwa na upepo wa mita 5 kwa sekunde, na upepo huo hufagia ile hewa nyevu inayoganda juu ya ngozi. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kunyonga saa nzima chini ya jua na kujihisi vizuri, kisha akasimama kununua maji na ghafla akalowa kuanzia kichwani hadi miguuni. Jasho halikuanza pale aliposimama. Lilikuwa likitoka muda wote, ila sasa mfagiaji ameondoka. Hali hiyohiyo hutokea mlimani, na huko ni mbaya zaidi, kwani mwendo hushuka hadi kilomita 7 au 8 kwa saa ilhali kazi ya misuli inaongezeka: joto linazidi ndani, upepo unapungua nje. Mwinuko wa kutoka Miritini kwenda Mazeras si mrefu kwa kipimo cha milima, lakini unakuja mahali penye fukuto, moshi wa malori na lami iliyokwisha kuiva. Kwa maoni yangu mwinuko huo ni wa hatari zaidi kuliko nyika yote ya Taru inayoogopwa kwa jina lake. Anayefika hapo saa nne asubuhi akiwa na haraka ya kuwahi Voi ameanza safari yake kwa kosa.

Upepo wa nyuma nao husifiwa kupita kiasi. Miguu huupenda na ngozi haiupendi. Mtu anayekwenda kilomita 18 kwa saa huku upepo wa kasi hiyohiyo ukimsukuma kutoka nyuma amezungukwa na hewa isiyosogea hata kidogo. Ni sawa na kunyonga ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Wakati wa kusi, upepo unaovuma kutoka kusini-mashariki humsukuma anayekwenda bara kutoka Mombasa, naye hufurahia kilomita anazozipata bila kutambua gharama yake. Wakati wa kaskazi, upepo hutoka kaskazini-mashariki na kumpiga ubavuni kutoka mkono wa kulia, jambo linalochosha mikono kwenye usukani, hasa malori yanapopita, lakini linakausha jasho vizuri sana. Ninautaja upepo huu wa ubavu kwa sababu wasafiri huulaumu, na mimi naona ndio unaoiwezesha safari ya Februari.

Juu ya haya yote kuna jua lenyewe. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, hivyo mapema mwezi Machi jua la mchana husimama utosini kabisa, na kila mita moja ya mraba ya ardhi hupokea takriban wati 1,000. Mnyonga baiskeli aliyeinama juu ya usukani ameutandaza mgongo wake kuipokea miale hiyo. Shati jepesi la rangi nyeupe, pana, lenye mikono mirefu, humfaa kuliko fulana inayobana au mikono iliyo wazi; aliyevaa kanzu maisha yake yote hana haja ya kuelezwa ni kwa nini.

Sasa tuje kwenye maji, ambako makosa ni mengi kwa pande zote mbili. Anayenyonga wakati wa joto hupoteza takriban lita moja kwa saa, wengine zaidi, na tumbo haliwezi kupokea na kupitisha zaidi ya lita moja hivi kwa saa hata likilazimishwa. Siku ya saa 7 za kunyonga inahitaji basi maji ya kilo 7, na katika kipande cha kati ya Voi na Mtito Andei, takriban kilomita 97 ndani ya mbuga ya Tsavo, vituo vya kununua ni vichache na ndovu huvuka barabara wapendavyo. Hapo vidumu viwe vimejaa kabla ya kutoka mjini. Njia rahisi ya kujua kiwango chako ni kujipima uzito kabla na baada ya saa moja ya kunyonga nyumbani: kila kilo moja iliyopungua, ukijumlisha na ulichokunywa, ni lita moja ya jasho.

Lakini maji matupu si dawa kamili. Jasho hubeba sodiamu, kiasi cha nusu gramu hadi gramu 2 katika kila lita, na anayeyarudisha maji bila kuirudisha chumvi huzidi kuizimua damu yake. Madaktari huita hali hiyo haiponatremia. Katika Boston Marathon ya mwaka 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu baada ya mbio, na asilimia 13 kati yao walikuwa nayo. Waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wale walioongezeka uzito njiani kwa kunywa kupita kiasi. Mimi niliiona karibu na Maungu. Mwenzangu alikuwa amekunywa maji tangu alfajiri kwa bidii, kama tulivyokuwa tumeshauriana, na hakula ila ndizi mbili. Tulipokaa kwenye benchi la duka moja nikaona pete yake imezama kwenye kidole kilichovimba, na akaniuliza mara mbili, kwa maneno yaleyale, tumebakiza kilomita ngapi. Mama muuza duka alimtazama, akamsogezea mayai mawili ya kuchemsha na kipande cha gazeti chenye chumvi, akasema, “Maji basi, mwanangu. Kula hivi kwanza.” Tulikaa kivulini hadi alasiri, akapata haja ndogo mara kadhaa, akili yake ikatulia. Kama angetapika au kuendelea kuchanganyikiwa, mahali pake palikuwa hospitalini, wala si pale benchini.

Dawa ya kurudisha maji mwilini inayotolewa zahanati kwa wagonjwa wa kuhara inamfaa pia msafiri, kwa sababu utumbo hufyonza sodiamu na glukosi kwa pamoja na maji huvifuata. Asiye na pakiti zake anaweza kuchanganya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Madafu ni mazuri na yanaburudisha, nami sipiti Mazeras bila kunywa dafu, lakini yana potasiamu nyingi kuliko sodiamu ilhali jasho ni kinyume chake. Dafu pamoja na chumvi kidogo, au dafu pamoja na chakula chenye chumvi, ndilo linalofanya kazi. Na kanuni ya kunywa unapohisi kiu, badala ya kujilazimisha kila dakika kumi, imewaokoa wengi kuliko ratiba za chupa.

Baina ya Mariakani na Samburu kuna mahali panapoitwa Maji ya Chumvi, na jina hilo linanikumbusha matumizi ya maji ambayo wasafiri huyasahau. Maji yasiyofaa kunywewa yanafaa kumwagiwa. Lita moja inayokauka juu ya shati huondoa joto lilelile la kilojuli 2,400 ambalo lita moja ya jasho lingeliondoa, bila kuupunguzia mwili tone lolote. Katika ukavu wa Taru, kulowesha shati, kofia na kitambaa cha shingoni kila unapokuta kisima au bomba ni sawa na kuongeza kidumu kingine ambacho hukukibeba. Pwani penyewe, penye fukuto, mbinu hiyo hupungua nguvu, kwani maji hayo nayo hayakauki. Huko kinachofaa zaidi ni barafu, ya kunyonya na ya kufunga kwenye kitambaa shingoni. Ile hofu ya kwamba kinywaji baridi humdhuru mwenye joto haina msingi kwa mtu mwenye afya.

Kuhusu saa za kusafiri, nyika hii ilikwisha kufundisha zamani. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19 walivuka sehemu zisizo na maji kwa mtindo ulioitwa kuterekeza: walipika na kunywa kwenye maji, wakaondoka baada ya adhuhuri, wakatembea hadi giza, wakalala pakavu bila kupika, na asubuhi mapema wakamalizia kipande kilichobaki hadi kwenye maji mengine. Kwa hila hiyo kipande kirefu kiligawanywa na usiku, na mchana wa pili wenye jua la utosi uliwakuta tayari wamefika majini. Taru kwenyewe walitegemea ngurunga, yaani mashimo ya mwambani yanayohifadhi maji ya mvua. Mnyonga baiskeli wa leo hawezi kulala popote, wala hapaswi kabisa kunyonga usiku kwenye barabara hii ya malori na wanyama, lakini mantiki ni ileile. Atoke kunapopambazuka, saa kumi na mbili na robo hivi, anyonge hadi saa nne na nusu au tano, akae kivulini hadi saa kumi kasoro, kisha anyonge tena hadi karibu na magharibi. Saa mbaya zaidi si saa sita kama wengi wadhaniavyo. Hewa na lami huendelea kupata moto hadi saa nane au tisa. Msikiti wa Mackinnon Road, wenye kaburi la Seyyid Baghali, ambako wasafiri wengi husimama, ni mojawapo ya vivuli vinavyofaa kwa mapumziko hayo.

Mwili pia hujifunza. Katika siku 3 hadi 5 za kwanza za kufanya kazi kwenye joto, maji ya damu huongezeka. Kufikia siku ya 10 hadi 14 jasho huanza kutoka mapema, huwa jingi zaidi na huwa na chumvi kidogo zaidi. Mafunzo hayo hupotea ndani ya wiki chache mtu akirudi kwenye baridi. Hayapatikani kwa ujasiri, hupatikana kwa siku.

Na ikiwa yote yameshindikana? Uchovu wa joto, pamoja na kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, hutulia kwa kivuli, maji yenye chumvi na kulala miguu ikiwa imeinuliwa. Kiharusi cha joto ni jambo jingine kabisa, na dalili yake kuu iko kwenye akili: mtu anapepesuka, anajibu asiloulizwa, anakasirika bila sababu, au ananyamaza kwa namna isiyo yake. Imani ya zamani kwamba mgonjwa huyu lazima awe mkavu imeua watu, kwa sababu aliyeshikwa akiwa kazini mara nyingi bado anatiririka jasho. Mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Kama pipa au tangi la maji liko karibu, atiwe humo hadi shingoni huku ameshikwa. Kama haliko, afunikwe leso iliyolowa, amwagiwe maji bila kukoma na apepewe kwa nguvu, huku gari likitafutwa. Nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua, na asiyejitambua asipewe chochote mdomoni.

Baiskeli yenyewe haiteseki kama tunavyodhani. Tairi lililojazwa upepo asubuhi kwenye nyuzi 25 likifikia 60 juu ya lami, mgandamizo wake huongezeka kwa asilimia 12 hivi, kiasi ambacho tairi zima huhimili. Kinachopasuka mchana ni tairi lililokuwa bovu tangu asubuhi, au kiraka ambacho gundi yake imelainika. Na panchari nyingi za Taru ni miiba ya migunga tu.

Limebaki suala la upande wa kuelekea, nalo huwaponyoka hata wazoefu. Anayetoka Mombasa ana mwili uliokwisha kuzoea hari, anakutana na sehemu ngumu zaidi siku ya kwanza akiwa na nguvu, na kila siku inayofuata humpandisha kwenye hewa nafuu zaidi: Voi, Mtito Andei, kisha Makindu, ambako gurudwara, yaani hekalu la Masingasinga, imekuwa ikiwapa wasafiri chakula na malazi kwa miaka mingi, hadi Nairobi iliyo juu ya mita 1,600. Anayetoka Nairobi hupewa mambo hayo kinyumenyume. Anateremka kwa urahisi, mwili wake haujajifunza, na fukuto humngoja mwishoni, siku ambayo amechoka zaidi na ana shauku kubwa zaidi ya kuiona bahari. Huyo na asipange kuingia mjini alasiri ya siku ya mwisho. Alale Mariakani, ateremke Mazeras kungali na umande, na awe amefika Mombasa kabla ya saa tatu.